Maziko Mawili ya Koplo Lugendo

Palikuwa na nchi, na kama haikuwepo basi iliagizwa iwepo kabla ya sikukuu ya uhuru. Jina lake sitalitaja. Si kwamba nalificha, la hasha. Jina la nchi ile lilikuwa mali ya serikali, na raia aliyetaka kulitamka alipaswa kuomba kibali, asimame wima, mikono ubavuni. Watu walichoka kuomba vibali, wakawa wanasema "hapa petu" na maisha yakaendelea. Rais naye hakuwa na jina la kutajwatajwa. Aliitwa Mwenyewe, na mtu akisema "Mwenyewe kasema," huulizi tena.

Hapa petu, katika kijiji cha Nyakitembe, kilima kilichojaa migomba kuanzia bondeni hadi kileleni, aliishi bibi mmoja wa miaka sabini na minne aitwaye Nyamizi. Mwembamba, mkavu, mdomo wake hauna breki. Alikuwa amezika mume, amezika baba na mama, amezika majirani wasio na idadi, na kila akitoka kuzika alirudi nyumbani na neno lilelile moyoni: bado mmoja. Huyo mmoja ni mdogo wake Lugendo, kitindamimba wa mama yao, mtoto aliyembeba mgongoni mpaka kiuno kikamlegea. Miaka arobaini na moja iliyopita aliondoka nyumbani akiwa koplo wa jeshi, viatu vinang'aa, akasema anaenda vitani na atarudi Jumapili.

Vita yenyewe ilikuwa ya siku kumi na moja. Walikuwa wakigombea kilima kimoja cha mpakani ambacho sisi na jirani yetu, wote wawili, tulikuwa tumesahau kukichora kwenye ramani. Ilipoisha, sisi tukatangaza ushindi. Jirani naye akatangaza ushindi. Marais wakapongezana kwa simu, wakaahidi kupigana tena siku nyingine kwa moyo uleule wa kindugu. Lugendo hakurudi Jumapili ile, wala ya pili yake.

Sasa, jeshi la hapa petu lilikuwa na sifa moja kubwa: halijawahi kupoteza askari. Sheria ilikataza. Asiyeonekana aliandikwa "amechelewa". Kwa hiyo kila mwaka, mwezi uleule, Nyamizi alipokea barua ya onyo kwa niaba ya mdogo wake. "Koplo Lugendo, hii ni mara ya kumi na saba unatakiwa kujieleza kwa maandishi ni kwa nini hujaripoti kambini." Ile ya arobaini ilikuwa kali kwelikweli, ilimwambia kwamba akiendelea na tabia hiyo, uwezekano wa kupandishwa cheo utakuwa mdogo. Mwalimu wa shule ndiye aliyemsomea, na mwalimu alikuwa akisoma huku ametazama pembeni kwa aibu.

* * *

Watu wa Nyakitembe wana desturi yao. Mtu akipotelea mbali, wakimngoja miaka mitatu bila habari, wanakata mgomba wenye kimo chake, wanauviringisha shuka, wanauita kwa jina la aliyepotea, wanaulilia kilio cha haki, wanauzika. Roho ya mwenzao inakuwa na pahala pa kufikia, haihangaiki milangoni mwa watu. Siku mwenyewe akirudi, awe mzima awe mifupa, dada yake anaufukua ule mgomba, anauomba radhi kwa usumbufu, anautupa shambani ukawe mbolea. Kisha anamwingiza ndugu yake ndani ya nyumba, anamwita kwa jina, anamsimulia habari zote za nyumbani tangu alipoondoka. Kama ni mifupa, hapo ndipo anapozikwa. Ni kazi ya nusu siku, na wapishi wanaendelea na shughuli zao.

Lugendo naye alizikiwa mgomba. Mama yao hakuufurahia. "Huyo mgeni mpelekeni kule chini," alisema, na mgomba ukazikwa kwenye kona ya shamba, karibu na mfereji. Miaka sita baadaye, mama alipokuwa anakata roho, alimshika Nyamizi mkono. "Akirudi mwanangu, hata kama ni mfupa mmoja, mlaze ubavuni kwangu. Umpokee wewe mwenyewe. Usimwachie mtu."

"Sitamwachia mtu, mama," alisema Nyamizi. Mama alizikwa nyuma ya nyumba, na upande wake wa kulia pakaachwa wazi. Miaka thelathini na miwili Nyamizi alipalilia pale mahali patupu kwa mkono wake.

* * *

Basi siku moja jirani yetu, katika kuchimba mtaro wa bomba la maji juu ya kile kilima, alikuta mifupa ya mtu mmoja, kofia ya chuma, kijiko, na kipande cha bati chenye namba na jina: Lugendo. Jirani ni mwungwana. Aliitia mifupa kwenye sanduku safi, akaileta mpakani, akaomba sahihi ya mpokeaji.

Kwa kawaida serikali yetu ingeandika barua ya onyo nyingine. Lakini mwaka ule Mwenyewe alikuwa anatimiza miaka thelathini madarakani, na kamati ya sherehe ilikuwa inahangaika kutafuta shujaa. Wapo mashujaa kadhaa hapa petu, ila walikuwa hai, na mtu akiwa hai ana tabia ya kusema. Lugendo alifaa sana. Redio ikatangaza saa saba mchana, kati ya bei za kahawa na wimbo wa kumsifu Mwenyewe, kwamba shujaa aliyechelewa ameripoti.

Nyamizi alikuwa anapura maharage na shoga yake Leokadia, jirani wa nyumba ya pili. Aliposikia lile jina alikaa chini palepale, juu ya maharage.

"Leokadia, umesikia nilichosikia?"

"Nimesikia, mwenzangu."

"Wamesema Lugendo?"

"Lugendo wa hapa hapa. Wametaja na kijiji."

Nyamizi alilia, akacheka, akalia tena, akajipiga mapajani. Furaha na uchungu vilimjia pamoja na hakujua aanze na kipi. Leokadia alimfuta machozi kwa ncha ya khanga, kisha akaanza kumtoa maharage kwenye sketi moja moja.

Wiki iliyofuata alifika Bwana Ponsiano Mtweve, Afisa Maziko wa Wilaya, kutoka Wizara ya Mashujaa, Michezo na Mabwawa. Kijana wa miaka thelathini na kitu, miwani, faili kwapani, jasho usoni kama mtu anayefukuzwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye mchakato, bibi."

"Huko mchakato ni mbali?"

"Si mbali. Ila hakufikiki moja kwa moja."

Ponsiano hakuwa mtu mbaya, lazima tumtendee haki. Alikuwa mtu mwenye fomu. Alikuja na mkufunzi wa semina ya siku mbili ya kuomboleza, kwa sababu Waziri angehudhuria maziko na isingependeza watu walie kila mmoja kivyake. Wanawake wakagawanywa makundi matatu: walio wa machozi tu, walio wa sauti, na walio wa kuzimia. Leokadia alipangwa kundi la sauti, lakini alipojaribu alimkumbuka marehemu mumewe, akalia kweli, na mkufunzi akamwomba apunguze. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Mbuzi wakafungiwa. Kijiji ambacho hakijawahi kuona bomba kililetewa malori mawili ya maji, yakamwagwa barabarani ili msafara usipate vumbi. Kina mama waliokuja na ndoo walirudishwa na polisi kwa upole.

* * *

Sanduku lilifika siku ya Jumanne, likawekwa stoo ya ofisi ya kata, katikati ya magunia ya mbolea na masanduku ya kura yaliyokwisha kujazwa kwa uchaguzi ujao. Nyamizi alishuka kilima kwa miguu, Leokadia nyuma yake. Akamwomba Ponsiano amfungulie.

"Utaratibu hauruhusu, bibi."

"Mwanangu, mimi nimengoja miaka arobaini na moja. Utaratibu umengoja mingapi?"

Ponsiano alitazama huku, akatazama kule, akafungua. Nyamizi hakugusa kofia wala kijiko. Aliinama kwenye fuvu, akatazama meno. La mbele, la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limekatika kwa mshazari. Alikuwa amelikata yeye, kwa mchi, siku Lugendo wa miaka saba alipokuja kuchungulia kinu wakati yeye anatwanga. Mama aliwachapa wote wawili, mmoja kwa kuchungulia na mmoja kwa kutotazama.

"Ni yeye," alisema. "Ni mdogo wangu huyu. Jamani, Lugendo!" Akapiga magoti pale kwenye mbolea, akalia kilio ambacho hakikuwamo katika kundi lolote la semina. Ponsiano alivua miwani akaanza kuifuta, na aliifuta muda mrefu.

Alipoivaa tena alifungua kitabu cha maziko cha kijiji, atayarishe ukurasa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwenyekiti wa kijiji wa enzi zile, Mzee Bwire, Mungu amrehemu, alikuwa mtu anayependa muhuri kuliko chakula. Siku ya kuzika mgomba alikuja na kitabu, akaandika kwa wino mweusi: "Lugendo, koplo, mwanamume, kazikwa kona ya shamba." Wenzake walimwambia huo ni mgomba. Akasema kitabu hakina safu ya migomba. Akagonga muhuri, akaona umefifia, akagonga wa pili, na wa tatu ili kupendezesha.

Ponsiano alisoma, akarudia kusoma. "Bibi," akasema polepole, "mdogo wako alikwisha kuzikwa."

"Huo ni mgomba, baba. Kila mtu anajua. Nitaufukua mwenyewe Alhamisi asubuhi, saa nne nimemaliza."

"Huwezi kufukua raia aliyesajiliwa bila kibali cha Waziri."

"Raia gani? Nimekwambia mgomba!"

"Basi tutafuta jina kitabuni," alisema Ponsiano, akageuza jalada, na uso ukamsawijika. Juu ya jalada palikuwa na utepe wa dhahabu. Kitabu cha maziko cha Nyakitembe kilikuwa kimeshinda tuzo ya taifa ya kumbukumbu bora, na utepe ule ulibandikwa kwa mkono wa Mwenyewe. Kusema kitabu kimekosea ilikuwa ni kusema aliyekibandikia utepe kakosea, na hapa petu hakuna lugha ya kusemea jambo hilo.

* * *

Mheshimiwa Daktari Injinia Kanali Mstaafu Zebedayo Rukaka, Waziri wa Mashujaa, Michezo na Mabwawa, alifika Alhamisi na magari kumi na moja, gari moja likiwa la kubebea vyeo vyake tu, yaani mashada, mikanda na fimbo. Alikaa chini ya turubai, akapewa maji ya chupa, akaelezwa tatizo. Mwanasheria wa wizara akasimama upande wake wa kulia.

"Mheshimiwa," alisema Ponsiano, "kule shambani ni mgomba."

"Nani kasema?"

"Kijiji kizima, Mheshimiwa."

"Kijiji kizima kina muhuri?"

Mwanasheria alikohoa, akaeleza kwamba sheria iko wazi: mtu mmoja, kaburi moja. Kaburi la shambani lina mihuri mitatu, sanduku la stoo halina hata mmoja. Kwa hiyo Koplo Lugendo ni yule wa shambani. Aliyemo sandukuni ni mtu asiyejulikana aliyekutwa na mali ya koplo, na kama angekuwa hai angehojiwa kuhusu kijiko.

Waziri aliinuka. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa walishafundishwa.

"Ndugu wananchi! Serikali hii sikivu, serikali hii isiyolala, imemtafuta shujaa huyu kwa udi na uvumba! Tumemtafuta angani, tumemtafuta majini, na kwa maelekezo ya Mwenyewe tumemwona mahali ambapo adui hakutegemea kabisa: nyumbani kwake!" Makofi. "Na kwa kuwa Nyakitembe haina maegesho ya kutosha, shujaa wetu atafukuliwa leo, atazikwa Jumamosi katika Uwanja wa Mashujaa, mji mkuu, kwa mizinga ishirini na moja!"

Nyamizi alikuwa mstari wa mbele, amevaa khanga nyeusi za kuazima. Mwanzo alisikia neno "mji mkuu" tu, na moyo ukampasuka. Wanamchukua. Wamemleta mpaka stoo, kilima kimoja tu kutoka kwa mama yake, wanamchukua tena. Aliinuka kupiga kelele, Leokadia akamvuta khanga.

"Shoga, kaa. Kwani wanataka kubeba nini?"

"Wanambeba Lugendo!"

"Wanafukua wapi?"

Nyamizi alifikiri. "Shambani."

"Kuna nini shambani?"

Nyamizi alimtazama Leokadia, Leokadia akamtazama Nyamizi. Vikongwe wale wawili walijifunika nyuso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika, na mpiga picha wa wizara akawapiga picha nzuri sana ya huzuni ya taifa.

Kicheko kile hakikudumu. Mwanasheria alikuja na karatasi. Ndugu wa damu alitakiwa kuapa mbele ya kipaza sauti, na Ponsiano akamsomea yaliyoandikwa. Sentensi ya kwanza ilisema: aliyezikwa shambani ndiye mdogo wangu. Ya pili ilisema: aliyemo sandukuni simjui, si ndugu yangu, wala sina habari zake.

"Hiyo ya kwanza nasema hata mara kumi," alisema Nyamizi. "Hiyo ya pili hapana."

"Zinakwenda pamoja, mama," alisema mwanasheria.

"Kwetu mtu hamkani maiti wake. Ukimwambia ndugu yako aliyekufa simjui, umemfukuza mlangoni. Hakuna tusi linalozidi hilo. Afadhali nimpige."

Waziri alikuwa ametazama saa. "Mama, nikueleze vizuri uelewe. Ukiapa, sanduku halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe linazikwa na yeyote anayejitolea, hapa hapa. Usipoapa, linakwenda bohari kuu kwa uchunguzi. Bohari huchomwa moto kila baada ya siku tisini, kupunguza msongamano."

Nyamizi alisimama pale na kipaza sauti mbele ya mdomo wake. Tangu azaliwe hakuna aliyemwona akikosa la kusema. Alitazama upande wa ofisi ya kata, kule stoo iliko. Alikumbuka mkono wa mama yake. Usimwachie mtu.

"Aliyezikwa shambani," alisema, "ndiye mdogo wangu."

"Endelea."

"Aliyemo sandukuni." Alishika mlingoti wa turubai. "Aliyemo sandukuni simjui. Si ndugu yangu. Sina habari zake."

Hata walinzi wa Waziri waliacha kutafuna. Kisha yule mkufunzi wa semina akainua mkono kuashiria, na watu wakapiga makofi.

* * *

Kufukua kulifanyika kwa heshima zote. Wanajeshi sita waliovaa glovu nyeupe walichimba kona ya shamba, wakakuta udongo mweusi mzuri na kipande cha shuka kilichooza. Daktari wa serikali aliushika ule udongo, akaunusa, akaandika: "Marehemu amejitoa mwili wote kwa ardhi ya taifa lake." Waziri alivua kofia. Ndoo mbili za udongo zikatiwa kwenye jeneza la mninga, likafunikwa bendera, likapandishwa kwenye gari la mizinga, na msafara ukaondoka kwa ving'ora. Kina mama wa kundi la kuzimia walizimia kwa zamu.

Jumamosi redio zote zilirusha maziko ya mji mkuu. Mwenyewe alikuwapo. Alisema alimfahamu Koplo Lugendo tangu utotoni na walikuwa wakishauriana mambo mengi. Akampandisha cheo kuwa meja. Akamtunuku nishani ya daraja la pili, kwa kuwa ya kwanza ni yake yeye. Mwisho, kwa huruma aliyojaliwa, akamsamehe rasmi kosa la kuchelewa kazini miaka arobaini na moja, na mabalozi wa nchi za nje wakafuta machozi.

Nyakitembe hakuna aliyesikiliza. Asubuhi ileile, wakati mizinga ikipigwa huko mbali, wanaume wanne walilitoa sanduku stoo na kulipandisha kilimani. Nyamizi aliwapokea mlangoni. Aliwaambia waliweke sebuleni juu ya mkeka, watoke wote, isipokuwa Leokadia. Kisha akakaa chini, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Lugendo," alisema. "Lugendo, mdogo wangu, mtoto wa mama. Kwanza kabisa unisamehe. Juzi nilisema sikujui. Nilisema kwa kipaza sauti, na najua umesikia, kwa sababu walivifungua vile vipaza sauti mpaka vikasikika ng'ambo ya bonde. Nilisema kwa ajili ya kukupata. Kama umekasirika, kasirika, lakini ukasirikie hapa hapa nyumbani."

Akampa habari. Alianza na mama, namna alivyongoja, namna alivyofariki na aliloagiza. Baba alikufa usingizini, hakuumwa. Ng'ombe mwekundu wa Lugendo alizaa mapacha. Yule binti wa bondeni aliyemwahidi ndoa alimngoja miaka mitano, akaolewa na fundi cherehani, wakapata watoto sita, na wa kwanza wanamwita Lugendo. Vita tulishinda, wao nao walishinda. Kilima hakijachorwa hadi leo. Alimtaja kila aliyekufa na kila aliyezaliwa, na alipokosea Leokadia alimsahihisha. Sauti ilimkauka, akanywa maji, akaendelea, mpaka jua likawa utosini na habari zikamwishia.

"Ni hayo tu," alisema. "Twende kwa mama."

Wakamzika nyuma ya nyumba, upande wa kulia wa mama yake. Watu walilia bila makundi. Leokadia alilia kwa sauti yake yote, hakuna aliyemwomba apunguze. Juu ya kaburi lilichomekwa bango la bati kutoka wizarani, kama sheria ilivyoagiza: MTU ASIYEJULIKANA.

Ponsiano alikuwa amesimama nyuma muda wote, faili kwapani. Watu walipotawanyika alimsogelea Nyamizi, amekunja shingo kwa haya. Mzishi wa mtu asiyejulikana hujaziwa fomu, na fomu ilikuwa imebakiza nafasi moja.

"Bibi, samahani sana. Panauliza uhusiano wako na marehemu." Alishusha sauti. "Naomba usiniambie ninachokijua. Nikikiandika, wataleta gari kesho wamfukue."

"Acha wazi."

"Ikiachwa wazi inarudishwa."

Nyamizi aliangalia udongo mbichi, akaangalia lile bango.

"Andika jirani."

Ponsiano aliinua kalamu, akaitua tena. "Wataniuliza, bibi. Sheria inasema jirani ni mtu anayekaa pembeni yake. Wewe unakaa wapi?"

Nyamizi alizunguka kaburi la Lugendo mpaka upande wa pili, ule usio wa mama, akakanyaga majani mafupi kwa kisigino mara mbili tatu, kama mtu anayepima mahali pa kutandika mkeka.

"Hapa," alisema. "Andika, baba. Nahamia karibuni."

Ponsiano akaandika.